NAFSI YA KWANZA NI YA NANI? MCHEZO WA FAR CRY 2 NA HISTORIA YA VITA KIVU

1. Utangulizi

Kuna aina ya michezo ya video ambayo mchezaji haoni mwili wa mhusika wake. Huona mikono na bunduki tu, kana kwamba anatazama kwa macho ya mtu mwingine. Aina hiyo, iliyopata umaarufu mkubwa tangu mchezo wa Doom ulipotolewa Marekani mwezi Desemba 1993, huitwa michezo ya kupiga risasi ya nafsi ya kwanza. Jina hilo limeazimwa kutoka katika sarufi. Kwa hiyo yafaa kuuliza swali la kisarufi: katika mchezo unaosimulia vita vya Afrika, «mimi» ni nani, na «wao» ni nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuutazama mchezo wa Far Cry 2 na kuupima kwa historia ya Kivu, hususan kisiwa cha Idjwi.

2. Mchezo wenyewe

Far Cry 2 ulitungwa na tawi la Montreal la kampuni ya Ubisoft chini ya uongozi wa Clint Hocking, ukatolewa mwezi Oktoba 2008. Unasimulia nchi ya Afrika isiyotajwa jina, ambamo serikali imeanguka na makundi mawili yanapigana. Mchezaji ni mamluki aliyetumwa kumwua mfanyabiashara wa silaha, kwa lakabu Bweha, anayeyauzia makundi yote mawili. Malipo ni almasi. Watungaji waliathiriwa na riwaya ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, ya mwaka 1899, iliyotokana na safari ya mwandishi huyo nchini Kongo mwaka 1890.

Kilichoupambanua mchezo huu ni ugumu wake. Mhusika ana malaria, na asipopata dawa huishiwa nguvu. Bunduki hushika kutu na kukwama katikati ya mapigano. Moto ukiwashwa katika nyasi kavu huenea kwa kufuata upepo, na huweza kumgeukia aliyeuwasha. Wachezaji wengi walichoshwa na mambo hayo. Wengine, kwa sababu hizohizo, waliuenzi na hawakuusahau; Tom Bissell aliuzungumzia kwa kirefu katika kitabu chake Extra Lives cha mwaka 2010.

3. «Mimi» na «wao»

Mchezaji huchagua mmoja kati ya wahusika tisa, wakiwemo Mbrazili, Mhaiti, Mualgeria, Mchina na Mmarekani. Hakuna hata mmoja aliye mwenyeji wa nchi ile. Wananchi huonekana mwanzoni wakikimbia, kisha wachache wakijificha na kungoja hati za kusafiria, na mwishoni wakiwa umati mpakani. Katikati ya hapo, karibu kila anayekutwa barabarani ana silaha. Hamna mkulima anayelima wala mama anayekwenda sokoni.

Wapo wanaoutetea utupu huo. Husema kwamba mchezo unawashtaki mamluki, ambao hawaoni watu bali maadui na malipo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata mashtaka hayo yanasomwa na mgeni dhidi ya mgeni. Aliyedhulumiwa haitwi kutoa ushahidi.

Mwezi uleule wa Oktoba 2008, jeshi la CNDP la Laurent Nkunda lilikaribia mji wa Goma. Maelfu ya wakimbizi wa ndani waliondoka kambi ya Kibumba kuelekea Kibati, wakibeba watoto na vyombo. Barabara za Kivu zilijaa hasa wale ambao mchezo uliwaondoa.

Idjwi, kisiwa kinachozidi mara tano ukubwa wa nchi ya mchezo iliyokadiriwa kilometa za mraba 50, kinatoa ushahidi wa pili. Mwaka 1994 Wanyarwanda waliokimbia walivuka Ziwa Kivu na kupokewa huko. Vita vilivyoikumba Bukavu mwaka 1996 havikukifanya kisiwa uwanja mkuu wa mapigano. Hata hivyo vita vilifika: vilifika kama wageni wa kulishwa, kuni za kugawana, na mashamba yaliyokuwa madogo tangu hapo. Hiyo pia ni historia ya vita, na msimulizi wake hana bunduki.

4. Urithi

Far Cry 3, wa mwaka 2012, uliondoa malaria na bunduki zinazokwama, ukapata wapenzi wengi zaidi. Hocking naye aliongoza utungaji wa Watch Dogs: Legion, uliotolewa Oktoba 2020, ambamo mchezaji aweza kumchukua karibu mpita njia yeyote na kumfanya mhusika mkuu. Hivyo raia wa kawaida alipewa hatimaye nafasi ya kusema «mimi». Raia huyo ni mkazi wa London.

5. Hitimisho

Far Cry 2 unastahili heshima kwa kukataa kuifanya vita kuwa starehe nyepesi. Upungufu wake ni wa nafsi: umewaacha wenyeji katika nafsi ya tatu, wingi. Upungufu huo hautarekebishwa na watungaji wa Montreal peke yao. Wanaosoma na kufundisha lugha katika Kivu wana kazi yao hapa, nayo ni kuyakusanya masimulizi ya waliowapokea wakimbizi, Idjwi na kwingineko, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka.