Ulanga na Kadi za Heri

Mwanafunzi wa Ngulyati, wilayani Bariadi, akatapo karatasi ngumu, akaipaka gundi na kuinyunyizia chenga za kumetameta ili amtakie mwenzake heri ya mtihani, huenda akadhani kwamba pambo hilo ni la kigeni tupu. Historia yatufunza vingine.

Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa ili iuzwe ilitolewa London mwaka 1843. Kabla chenga za plastiki hazijaenea katika karne ya 20, kadi za Ulaya ziling'arishwa kwa unga wa kioo na kwa ulanga, yaani jiwe limetalo, libandukalo tabaka kwa tabaka. Jiwe hilo limo katika ardhi yetu. Kabla ya mwaka 1914 Wajerumani walilichimbisha katika milima ya Uluguru na kulipeleka ng'ambo. Jasho likawa letu, faida ikawa yao.

Tangu mwaka 2023 Umoja wa Ulaya umeanza kuzuia uuzaji wa chenga za plastiki, kwa kuwa haziozi. Basi mwalimu afundishaye kutengeneza kadi na awaonyeshe wanafunzi wake kipande cha ulanga pia, wapate kutambua kilicho chao.