Kostiki, Haidro na Rojo: Istilahi za Karakana ya Rangi

Wahaya waliijua kazi ya nguo kabla pamba haijawafikia, kwani walilipondaponda gome la mtoma hata likawa lubugo; lakini batiki, ambayo leo akina mama wa Bukoba na Muleba huweza kujifunza katika mafunzo kama yale ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, imekuja na vitu ambavyo mafundi aghalabu huviita vyote kwa neno moja: dawa.

Dawa zenyewe kubwa ni mbili. Rangi nyingi za batiki haziyeyuki katika maji matupu. Hidroksidi ya sodiamu, ambayo dukani huitwa kostiki, pamoja na haidrosulfaiti, ifupishwayo haidro, huigeuza rangi ikayeyuka na kupenya nyuzi za pamba, na kitambaa kinapoanikwa, hewa huirejesha katika hali yake ya awali, isiweze tena kutoka kwa urahisi.

Mpenzi wa Kiswahili fasihi angeweza kutushauri kostiki tuiite magadi makali, kwa kuwa hakika ni jamaa ya magadi. Jina hilo nalikataa. Magadi nyumbani ni kitu cha kulainishia maharage, na kopo lenye jina hilo halikawii kuingia jikoni, hali kostiki huchoma ngozi, hupofusha macho na, ikimezwa, huunguza koo. Ugeni wa neno kostiki, ambao kwingineko ungehesabiwa kuwa ila, hapa ni hadhari. Kwa hoja iyo hiyo, ule mchanganyiko mzito wa wanga, rangi na dawa unaopitishwa katika fremu ya kuchapia usiitwe uji, ambao watoto hunywa, bali rojo la kuchapia, neno lielezalo uzito wa kitu.

Ama kutenganisha majina ya dawa, faida yake huonekana katika kuchanganya, maana kila moja ina sharti lake. Kostiki hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi, katika ndoo ya plastiki. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, yasije yakachemka ghafla na kuruka, wala sufuria ya alumini haitumiki, kwa kuwa kostiki huila na kutoa hidrojeni, gesi iwakayo upesi. Haidro nayo huwekwa pakavu, kwani ikipata unyevu hupata joto, huweza kushika moto, na hutoa gesi ya salfa inayokaba pumzi. Kwa hiyo kazi hufanywa penye hewa, kwa glavu, miwani na barakoa. Aliyemwagikiwa na kostiki avue nguo iliyolowa na kujiosha kwa maji mengi yatiririkayo, kwa dakika zisizopungua 15, bila kupaka siki, kisha aende hospitali. Vyombo vya rangi visipikiwe tena, na maji yake machafu yasimwagwe ziwani.

Istilahi njema ya karakana ni ile ambayo mwanagenzi wa Kamachumu huko Muleba, akiisoma juu ya kopo, hujua la kufanya kabla hajalifungua.