Okestra

Taja okestra Kisangani, na msikilizaji wako ataona magitaa, ngoma na waimbaji wa rumba. Ndivyo tulivyolipokea neno hili kutoka Kifaransa, na wanamuziki wetu wakafika nalo Dar es Salaam: Orchestra Maquis, Orchestra Makassy. Ni matumizi halali, nami nayatetea.

Mpenzi wa muziki wa filamu, hata hivyo, huifuata okestra nyingine, ya fidla, filimbi na tarumbeta. Kwenye tamasha lake, filamu huoneshwa ukumbini, sauti za waigizaji zikibaki ila muziki umeondolewa. Wapigaji huupiga papo hapo, kiongozi akifuata alama za muda kwenye skrini yake ndogo, mlio usije ukaachana na picha. Muziki ambao nyumbani hupita chini ya maneno, pale unauona ukitoka mikononi mwa watu. Raha yake ni kubwa mno!

Nasi wa Kisangani tuna haki nayo. Mwaka 1958, mji huu ukiitwa Stanleyville, mwongozaji Fred Zinnemann alipiga hapa sehemu ya filamu yake The Nun's Story, Audrey Hepburn akiwa mhusika mkuu. Muziki wa filamu hiyo, wa Franz Waxman, uliteuliwa kuwania Oscar. Wapigaji wapo Kinshasa: Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Natamani wapande mto, watupigie Waxman hapa hapa. Kwenye tangazo lao tuandike “okestra ya simfoni”, ili “okestra” tupu ibaki na rumba.