Shylock wa Venisi: Mdhulumiwa au Mdhalimu?

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, akiwa Rais wa nchi yetu, alitoa tafsiri ya tamthilia ya William Shakespeare aliyoipa jina la Mabepari wa Venisi. Hiyo ilikuwa tamthilia ya pili ya mwandishi huyo kuingizwa na Mwalimu katika Kiswahili. Ya kwanza, inayohusu kuuawa kwa Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963 na ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka huo huo wa 1969. Tangu vijana wetu waanze kuisoma tamthilia hii kwa lugha yao wenyewe, swali moja halijakoma kuulizwa: Je, Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, ni mdhulumiwa au ni mdhalimu?

Swali hili si la mtihani peke yake. Jioni moja huko Mkuyuni, kwenye barabara itokayo Morogoro mjini kuelekea Matombo, tulikuwa tukisoma onyesho la mahakamani pamoja na vijana wa sekondari. Tulipofika mahali ambapo Shylock ananyang'anywa mali yake na kulazimishwa kubadili dini, wengi walipiga makofi. Mzee mmoja, aliyekuwa ameketi pembeni akisikiliza, akauliza kwa upole: "Na yule aliyemtemea mate, kesi yake itasikilizwa lini?" Makofi yakakoma. Insha hii ni jaribio la kumjibu mzee yule.

Kwanza tukikumbuke kisa chenyewe. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anahitaji dukati elfu tatu ili kumsaidia rafiki yake Bassanio aende kumposa Portia. Mali yake yote iko baharini katika merikebu, hivyo anakwenda kukopa kwa Shylock, mtu ambaye siku zote amemtukana, amemwita mbwa na kumtemea mate sokoni. Shylock anakubali kukopesha bila riba, lakini hati inaandikwa kwamba fedha zisipolipwa baada ya miezi mitatu, yeye atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Kabla siku haijafika, binti yake wa pekee, Jessica, anatoroka na kijana wa Kikristo, akibeba fedha na vito vya baba yake. Kisha habari zinakuja kwamba merikebu za Antonio zimepotea. Shylock anakwenda mahakamani akiwa na hati mkononi na kisu kiunoni. Portia, akiwa amejigeuza mwanasheria, anamwokoa Antonio kwa kusema kwamba hati inataja nyama, haitaji damu.

Ili kumwelewa Shylock, sharti tuielewe Venisi. Mwaka 1516 serikali ya mji huo iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao peke yao, mtaa ambao malango yake yalifungwa usiku. Walilazimishwa kuvaa alama ili watambulikane. Walizuiwa kumiliki ardhi na kufanya kazi nyingi. Miongoni mwa chache walizoachiwa ilikuwa kukopesha fedha kwa riba, kazi ambayo Kanisa liliwakataza Wakristo. Basi tuutazame mtego huo: mtu anafungiwa milango yote isipokuwa mmoja, na akipita katika mlango huo huo, anachukiwa kwa sababu ameupita. Huko Uingereza kwenyewe mfalme Edward wa Kwanza alikuwa amewafukuza Wayahudi wote tangu mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurejea waziwazi mpaka karne ya kumi na saba. Kwa hiyo Shakespeare alipoandika tamthilia yake, yapata mwaka 1596 au 1597, wengi wa watazamaji wake walikuwa wakimcheka mtu ambaye hawakupata kukaa naye jirani.

Hata hivyo Shakespeare alimpa mtu huyo ulimi. Katika onyesho moja Shylock anauliza kama Myahudi hana macho na mikono, kama haumii akichomwa na hacheki akitekenywa. Mahakamani anawakumbusha wakuu wa Venisi kwamba wao wenyewe wananunua watumwa na kuwatumia kama punda, wala hawako tayari kuwaachia huru, kwa kuwa wamewanunua. Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, ambao babu zetu walipitishwa katika njia za misafara kwenda Bagamoyo, hatuwezi kuyasikia maneno hayo kama hadithi ya ng'ambo. Aliyenunua nyama ya watu hadharani anamwonaje mshenzi yule anayeidai kwa hati? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Je, basi Shylock hana hatia? La hasha. Mtu anayenoa kisu mbele ya mahakama ili akate kifua cha mwenzake hawezi kuitwa mwema kwa sababu tu alitukanwa. Maonevu hueleza chanzo cha chuki. Hayageuzi uuaji kuwa haki. Tukimwondolea Shylock hatia yote, tunamwondolea pia utu wake, kwa maana mtu kamili ni yule awezaye kuchagua, na kwa hiyo awezaye kulaumiwa.

Hapa ndipo jina alilolichagua Mwalimu linapotufunza. Katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa kwenye jina la tamthilia ni mmoja, naye ni Antonio. Katika Kiswahili wamekuwa wengi. Neno "bepari" lenyewe lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, na hapo zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu. Lakini baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, lilikuwa limekwisha kupata uzito wa mnyonyaji. Kwa neno hilo moja Shylock na Antonio wamefungwa kamba moja. Mmoja anazalisha fedha kwa riba, mwingine kwa bidhaa za merikebu. Hakuna kati yao anayeshika jembe. Swali la msomaji linahama: halitazami tena dini ya mkopeshaji, linatazama namna mali inavyopatikana.

Sidhani kwamba uhamisho huo ulitokea kwa bahati. Siku chache tu baada ya Azimio, tarehe 14 Februari 1967, Mwalimu aliandika katika gazeti la The Nationalist makala ya kuonya kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi havipatani. Alieleza kwamba watu hawagawanyiki kuwa mabepari na wajamaa kwa rangi zao, na kwamba mtu anayewachukia Wayahudi, au Wahindi, au Wazungu, huyo si mjamaa. Wayahudi hawakuwa kundi kubwa hapa nchini; lakini aliwataja, kwa sababu historia yao inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Huko Ulaya chuki dhidi yao ilifikia mauaji ya Wayahudi wapatao milioni sita chini ya utawala wa Hitler, na mwaka 1943 tamthilia hii hii ilichezwa jijini Vienna kwa namna ya kumfanya Shylock achukize, ili kuuhalalisha ukatili uliokuwa ukiendelea nje ya ukumbi.

Lakini na tuseme kweli: jina hilo nalo halikitoshelezi kisa. Mahakamani Shylock anaahidiwa fedha maradufu, dukati elfu sita, naye anazikataa. Bepari gani hukataa faida? Wakati ule hesabu ya fedha imekwisha. Anayezungumza ni mtu aliyetukanwa na kuibiwa mtoto. Msomaji anayeona ubepari peke yake ataikosa jeraha hiyo. Vilevile tutazame sheria inayomwangusha. Ni sheria inayomwadhibu "mgeni" aliyetafuta uhai wa raia. Ameishi Venisi, amelipa kodi ya kuishi Venisi, lakini siku ya hukumu anaambiwa yeye ni mgeni.

Afrika Mashariki yetu imekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yake. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika muda wa siku tisini, kwa madai kwamba walikuwa wakiunyonya uchumi wa nchi. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, lakini wapo waliokuwa raia wa Uganda na uraia wao ukakataliwa. Maelfu kwa maelfu waliondoka wakiacha nyumba na maduka. Wanyonyaji walikuwamo kati yao? Bila shaka, kama wamo katika kila kabila. Lakini waliofukuzwa hawakuulizwa waliyotenda; waliulizwa asili yao. Maduka yaligawiwa askari na wapendwa wa utawala, na mkulima wa Uganda hakukombolewa, bidhaa zikaadimika. Mwalimu alikilaani kitendo kile waziwazi, na kukiita ubaguzi wa rangi.

Hata hapa kwetu mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, sheria haikutaja rangi ya mtu. Hata hivyo wenye majumba wengi walikuwa wa asili ya Asia, na mitaani wapo walioisherehekea kama adhabu ya kabila. Tofauti kati ya sheria na kelele ya mtaani ndiyo tofauti kati ya kupinga unyonyaji na kumchukia mtu.

Sasa turudi Mkuyuni. Kule hulimwa nanasi, ndizi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Mkulima anapobanwa na ada au ugonjwa, hupokea fedha ya mtu na kumwahidi mazao yangali machanga shambani. Siku ya mavuno huhesabu matunda ya jasho lake yakipakiwa garini na mwingine. Siku hizi kuna pia mikopo iliyopewa na wananchi jina la "kausha damu". Hata mtumishi wa serikali, pengine mwalimu anayesoma ukurasa huu, amewahi kumwona mwenzake akimkabidhi mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Portia alikataza damu isimwagike. Mkopeshaji wetu ameona njia ya kuikausha bila kumwaga tone. Naye si Myahudi, wala si Mhindi. Mara nyingi ni jirani yetu, tunakutana naye msikitini au kanisani na kumwamkia. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Jambo la mwisho nalichota katika utamaduni wetu. Waluguru wana watani wao, na mtani hutukana hata msibani. Lakini utani una pande mbili, anayetania leo kesho hutaniwa, na wote wawili huzikana. Dhihaka waliyopewa Shylock ilikuwa ya upande mmoja. Na katika koo za Uluguru Mwislamu na Mkristo huweza kuwa wa mama mmoja. Kwa hiyo kumlazimisha mtu dini kwa amri ya mahakama, kule hakuwezi kuitwa huruma, ingawa Venisi waliita hivyo.

Basi jibu langu kwa mzee wa Mkuyuni ni hili. Shylock ni mdhulumiwa aliyetaka kuwa mdhalimu. Kwa kisu chake alistahili kuzuiwa. Kwa Uyahudi wake hakustahili hata tone la mate. Mwalimu wa darasa na awaache vijana walaani hati ile kwa nguvu zao zote, kisha awaulize swali la mzee kabla hawajapiga makofi. Aliyetema mate hakuwahi kushtakiwa Venisi. Kesi hiyo imeachwa kwetu sisi wasomaji.