Na Hao Wanalipa?

Rafiki yangu anayesoma Milan alinitumia video siku chache kabla ya Ramadhani. Yeye na wenzake walikwenda kupumzika Ziwa Como, na mchana mmoja wakajiandikisha darasa la kupika pasta. Kwenye video wamevaa aproni zinazofanana, wamesimama kuzunguka meza ndefu ya mbao, nyuma yao dirisha na maji ya bluu. Mwalimu ni mama mtu mzima mwenye mikono minene. Anavunja mayai katikati ya kilima cha unga, anakanda, anasukuma, kisha anawapa wao. Wanacheka. Unga umewajaa puani.

Nilimwonyesha mama mkubwa, dada yake mama yangu, ninayekaa naye Likombe hapa Mtwara kila ninaporudi. Alisogeza simu karibu na jicho la kulia, maana la kushoto lina mtoto wa jicho, akatazama mpaka mwisho bila neno. Halafu akauliza:

"Na hao wanalipa?"

Nikamwambia ndiyo, wanalipa, tena si kidogo.

"Wanalipa ili wakande unga."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Alinirudishia simu. Kesho yake asubuhi akanituma dukani nilete kilo moja ya unga wa ngano. "Na wewe utakanda," alisema. "Utanilipa kwa kuosha vyombo."

Katika ukoo wetu mama mkubwa ndiye wa mwisho anayejua kutengeneza tambi kwa mkono. Binti zake watatu wananunua za pakiti, na siwalaumu, hata mimi nanunua za pakiti. Za mkono zinataka siku nzima ya vidole na siku mbili za jua, na ukimaliza unapata chakula ambacho watu wanne watakifuta kwa dakika kumi. Lakini jicho lake la kushoto limeshaenda na la kulia linafuata, na nilijua kwamba akiacha yeye, imekwisha.

Unga wake hauna yai. Ni unga, chumvi kidogo, na maji ya uvuguvugu yanayotiwa kwa kubahatisha ambako si kubahatisha. Ukandwe hadi uwe laini kama ndewe ya sikio. Ndicho kipimo chake, na aliniagiza nishike sikio langu, kisha donge, kisha sikio. Ukishakubali, unafunikwa kitambaa kibichi upumzike. Baada ya hapo unakaa kwenye mkeka, ungo uliogeuzwa juu ya mapaja, unachukua kinyunya kidogo kuliko kunde na kukisokota kati ya kidole gumba na cha shahada. Uzi unatoka chini, unarefuka, unajikata wenyewe, unadondoka kwenye ungo. Wake ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Wangu ulikuwa kama mkia wa panya, tena panya aliyeshiba. Baada ya saa moja vidole vyangu vilikakamaa, naye alikuwa ameshajaza nusu ya ungo huku akizungumza na jirani dirishani.

Nilimuuliza kwa nini tusitumie unga wa muhogo, ambao kusini hii hatujawahi kuukosa. Alicheka. Alishajaribu. Unga wa muhogo unakatika, haunyooki. Sababu yake ni protini: ngano ikilowa na kukandwa hutengeneza gluteni, ule utando unaovutika kama mpira, na muhogo hauna. Mtama nao hauna, wala mchele. Kwa hiyo chakula hiki kimefungwa na ngano, na ngano haistawi katika joto la pwani yetu. Tambi zozote zilizowahi kupikwa Mtwara au Mikindani zilianza na unga uliosafiri, kwa chombo au kwa lori. Hilo nililipita haraka siku ile. Baadaye niliona ndilo lililobeba kila kitu.

Zamani nilikuwa na jibu jepesi kuhusu asili ya tambi: Wataliano. Nilijua Wasomali wanaita pasta "baasto", neno walilolitoa kwa Wataliano waliowatawala. Nilijua pia kwamba bandari za Benadir, ikiwemo Barawa ambako wenyeji wanazungumza Chimwiini, lahaja ya Kiswahili, zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kabla ya kukodishwa kwa Italia mwaka 1892 na kuuzwa moja kwa moja mwaka 1905. Nilijua kuhusu Malindi ya leo, mji wa Kenya ambako Wataliano wamekaa kwa wingi kiasi kwamba muuza vinyago anakusalimia "ciao". Nikaunganisha na kufunga hesabu. Nilikosea.

Wataliano wenyewe walifundishwa. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwislamu, al-Idrisi, alimaliza kitabu chake kikubwa huko Palermo, kwa amri ya mfalme Mkristo Roger wa Pili. Humo anaeleza kuhusu Trabia, mahali karibu na Palermo penye vinu vya maji, ambako ilitengenezwa "itriya", nyuzi za unga wa ngano zilizokaushwa, na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Ile hadithi ya Marco Polo kuileta pasta kutoka China haisimami: yeye alirudi Venice mwaka 1295, na mwaka 1279 mthibitishaji mmoja wa hati huko Genoa alikwisha kuandika katika orodha ya mali ya askari kikapu kilichojaa makaroni. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba katika kitabu hichohicho cha mwaka 1154 al-Idrisi anaitaja Malindi. Trabia na Malindi zimo katika jalada moja, miaka mia saba na zaidi kabla ya Mtaliano yeyote kuja kuitawala Barawa.

Nyuzi zilizokaushwa ni chakula cha safari. Haziozi, haziliwi upesi na wadudu, na zinaiva kwa maji kidogo. Zilienea kila upepo ulikokwenda: Waarabu wana sha'riya, Waajemi wana rishta, Wahindi wana sevai. Kwetu zilipata jina la nyumbani. Wataliano walipotafuta jina la zile nyembamba waliona minyoo midogo, maana ndiyo tafsiri ya vermicelli. Waswahili waliona taa. Utambi ni ule uzi unaolala kwenye mafuta na kuwaka. Nyingi ni tambi. Nakiri naona sisi tuliwashinda.

Zilifika lini? Ibn Battuta alipita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, naye alikuwa mtu wa kuandika alichokula. Mogadishu alipewa wali wa samli, mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya embe. Tambi hazimo. Hoja yangu inategemea ladha zaidi: tambi zetu za Idi, zenye sukari, iliki, zabibu kavu, na hapa Mtwara korosho, ni ndugu wa toka nitoke wa sevai za Idi za Gujarat na Sindh. Tofauti kubwa ni tui la nazi mahali pa maziwa. Na katika karne ya 19 wafanyabiashara Wahindi walikuwa Kilwa, Lindi na Mikindani, wakikopesha fedha na kununua pembe, mpira na ufuta.

Mikindani iko kilomita kama kumi kutoka hapa tulipokaa. Ndipo nilipomuuliza mama mkubwa swali ambalo nilidhani ni la kupitisha muda. Nani alimfundisha?

"Mama."

Na mama alifundishwa na nani?

"Bibi. Mikindani."

Na bibi?

Alisokota vinyunya vitatu au vinne kabla ya kujibu. "Bibi alikuwa kwenye nyumba ya watu."

Nilielewa mfanyakazi wa ndani. Nikauliza nyumba ya Wahindi au ya Waarabu, walikuwa wakimlipa kiasi gani. Nilikuwa na daftari mkononi, namwona mtafiti. Akaniangalia kwa lile jicho moja.

"Alikuwa mzalia, mwanangu. Mzalia analipwa?"

Kwa asiyelijua neno: mzalia ni aliyezaliwa pwani, ndani ya nyumba ya bwana, na wazazi watumwa. Waliotekwa bara waliitwa kwa majina mengine, makali zaidi. Mzalia alijua Kiswahili, alijua adabu za nyumba, na wanawake wao wengi waliishi jikoni.

Vitabu nilivyosoma vilinipa tarehe zote, na sikuwahi kuziwekea uso. David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho pwani hii mwaka 1866, akapitia Mikindani, na alipopanda na mto Ruvuma aliandika katika shajara yake kuhusu maiti za watumwa waliofungwa kwenye miti. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Haukumwachia huru aliyekuwa tayari jikoni. Wajerumani walijenga boma lao Mikindani mwaka 1895, lile ambalo sasa ni hoteli, lakini hawakuufuta utumwa. Walichotangaza ni kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Bibi wa mama mkubwa alizaliwa kabla ya 1905. Mama yake alizaliwa baada ya 1922. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mwanamke mmoja ameketi juu ya mkeka, ungo mapajani, akisokota unga ambao si wake kwa ajili ya futari isiyo yake.

Ngano ilikuwa ghali, maana ilisafiri. Tambi kilikuwa chakula cha wenye nacho, na kazi yenyewe ni ya siku nzima. Anayekifikiria chakula cha namna hiyo lazima awe na mtu wa kukifanya. Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi wenzangu chuoni na kusema mapishi ya Kiswahili ni urithi wa waungwana wa pwani. Niliitamka hiyo sentensi kwa fahari, nikapigiwa makofi. Waungwana walikula, ni kweli. Waliokuwa wakijua ni unga kiasi gani na maji kiasi gani ni wengine, na waliposhika njia yao baada ya uhuru, ujuzi ulitoka nao kwa mlango wa nyuma.

Nilimuuliza mama mkubwa kama naweza kuandika. Alikubali, kwa sharti kwamba nyumba ile nisiitaje. Wajukuu wao ni watu wa hapahapa, wanazikana na sisi, na mmoja alimsaidia alipofiwa na mumewe. Nikadhani mazungumzo yameishia hapo, lakini yeye ndiyo kwanza alikuwa anapata moto.

Ile miaka baada ya vita ya Kagera, alisema, maduka ya RTC yalikuwa na rafu tupu na mwuzaji anayesinzia. Sabuni hakuna, sukari hakuna, unga wa ngano ni ndoto. Pakiti za tambi zilipotea kabisa. Yeye alikuwa akipata unga kidogokidogo kutoka bandarini, kwa njia ambazo hakutaka nizijue mpaka leo. Usiku anasokota, mchana anaanika uani nyuma ya khanga zilizotundikwa makusudi, na Ramadhani anauza kwa kikombe. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, aliingiwa na hofu, akauchimbia unga ardhini ndani ya debe na ungo akaupeleka kwa shoga yake. Idi ya mwaka ule alipika muhogo.

"Lakini kabla ya hapo," alisema, "alikuja mtu wa nyumba ile. Mwanamke, mtu mzima, kajitanda vizuri. Anataka vikombe vitatu. Kasikia kwamba za kwangu ndizo kama alizokula utotoni."

"Alijua wewe ni mjukuu wa nani?"

"Angekuja kwangu kama hajui?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bei."

"Uliongeza?"

"Niongeze kwa nini? Bei ileile ya watu wote. Akalipa. Akanishukuru, nami nikamwambia karibu tena." Aliupuliza unga uliomwangukia mkononi. "Nilizihesabu zile hela mara mbili baada ya kuondoka. Mama alikuwa bado hai, nikampelekea. Alizifunga kwenye pindo la khanga yake, hakuzitumia. Tulizikuta alipofariki, zimeshabadilishwa noti, hazifai dukani."

Jioni alituma mtoto aanue ungo. Tambi zilikuwa bado hazijakauka sawasawa, zilihitaji jua la kesho. Alizipapasa kwa vidole, akizitenganisha bila kutazama: zake upande mmoja, zangu upande mwingine. Zile zangu nene alisema zisichanganywe kwenye sufuria ya wageni, maana zitakuwa mbichi kati wakati nyembamba zimeshaiva. Siku ya tatu zilikaangwa peke yake kwa mafuta kidogo hadi zikawa kahawia, zikatiwa tui jepesi kwanza, kisha tui zito, sukari na iliki, zikafunikwa na kupaliwa makaa juu. Watoto walizimaliza. Mmoja aliuliza kwa nini hizi zina mifupa.

Vyombo niliosha mimi.