Mizunguko 252

Drili ya fundi seremala iliponguruma, uzi mwembamba wa gitaa la baba mdogo ulikatika. Ilikuwa Jumamosi jioni, Nduruma. Kesho yake kwaya ilimtegemea, na nyuzi zilikuwa zinauzwa Arusha mjini.

Kosa langu lina historia. Ufunguo wa gitaa una skrubu inayosukuma gia ndogo, mtindo ambao fundi Johann Stauffer wa Vienna aliutumia tangu miaka ya 1820. Mkono uzunguke sana, uzi uvutike kidogo. Katika magitaa mengi ya leo, ufunguo huzunguka mara 14 ndipo nguzo izunguke mara 1. Ukitaka mikunjo 3 kwa kila uzi, nyuzi 6 zinadai mizunguko 252. Ndiyo maana niliazima drili.

Lakini drili ina ukoo mwingine. Black na Decker wa Baltimore, Marekani, walipopata hataza ya drili yenye kifyatulio mwaka 1917, walilenga kutoboa vitu vigumu.

Baba mdogo hakunigombeza. "Wenzenu tulifunga waya za breki za baiskeli, mwanangu. Zile zilivumilia."

Uzi wa dukani hauvumilii. Siku hizi nachagua bisibisi ya betri inayozunguka taratibu. Inakunja ulegevu tu. Uzi ukianza kutoa sauti naizima, namalizia kwa vidole.

Jumapili ile alipiga kwa nyuzi 5. Waumini waliimba kama kawaida. Mimi nililisikia pengo katika kila wimbo.