Walivuka na Magitaa

Ugomvi ulianza kwa sababu ya Kasongo. Ilikuwa jioni hapa Maliba, vijana wa kikundi chetu wametoka kucheza mpira, mmoja akaweka spika ndogo juu ya tofali akapiga ule wimbo wa zamani ambao tangu mwisho wa 2024 Wakenya wameufanya jina la utani la Rais wao. Kijana wa hapa hapa akasema, "Wakenya wa zamani walijua kupiga muziki, bwana." Mwenzake, aliyevuka Mpondwe majuma machache kabla akitokea upande wa Lubero, akasimama kama aliyetukanwa. "Ile haiko wimbo ya Kenya. Iko yetu. Sikia Lingala ile!"

Kazi yangu mimi ni kutuliza vijana. Siku hiyo sikutuliza. Bendi za zamani ni ugonjwa wangu, nilizirithi kwa redio ya baba, na nilikuwa nangoja miaka mingi mtu aniulize. Basi nikawakalisha chini. Niliyowaambia jioni ile na jioni iliyofuata ndiyo ninayaandika hapa, pamoja na mambo niliyoyafikiria baadaye kitandani, kama kawaida ya mtu aliyebishana.

Wote wawili walikuwa na haki. Kasongo, wimbo ambamo mke anamsihi mumewe arudi nyumbani, ulipigwa na Orchestra Super Mazembe. Bendi hiyo ilizaliwa Kongo mwaka 1967 ikiitwa Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Wakatoka, wakapitia Zambia, na 1974 wakatua Nairobi. Huko ndiko jina la Super Mazembe lilikovuma. Mazembe ni yale matingatinga ya kuchimba na kusukuma udongo (watu wa mpira wasichanganye na TP Mazembe ya Lubumbashi). Kwa hiyo ni wimbo wa Wakongo, uliopigwa Kenya, na leo unachezwa Uganda juu ya tofali. Sasa mwenye wimbo nani?

Na hawakuwa peke yao. Nikianza kuhesabu bendi zilizotoka Kongo miaka ya 70 na kuishia Nairobi au Dar es Salaam, usiku utatukuta hapa. Baba Gaston alitoka Lubumbashi na bendi yake ya Baba National. Mwaka 1976 baadhi ya wanamuziki wake wakamwacha hapo hapo Nairobi, wakaunda Les Mangelepa. Maquis du Zaire wao walitoka Katanga wakahamia Dar es Salaam, na watu wa Dar wakawapenda kana kwamba wamezaliwa Ilala. Samba Mapangala, mtoto wa Matadi, alikuja Uganda na kundi la Les Kinois, halafu 1977 wakavuka kwenda Nairobi. Mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Jina hilo ni la ile milima ya moto. Sisi tunaokaa huku Kasese na Bwera, mbuga ya Virunga iko mlangoni kwetu, ukivuka tu mpaka uko ndani yake. Kila nikisikia mtangazaji anasema "Virunga" nahisi kama ametaja kijiji chetu.

Kuna mmoja ambaye historia yake huwa inawanyamazisha vijana: Mzee Makassy. Orchestra Makassy ilianzia Kampala, na ndani yake walikuwa Wakongo na Waganda. Lakini huo ulikuwa wakati wa Amin. Wakaondoka, wakaenda Dar es Salaam. Yaani Uganda hii, ambayo leo watu wanaikimbilia, ambayo wageni wa mashirika wanaisifu kwa kupokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wakati ule ndiyo ilikuwa inakimbiwa. Kijana wa hapa aliposikia hivyo akauliza, "Hata sisi tulikimbia?" Nikamwambia amuulize babu yake. Katika vita vya Rwenzururu watu wa milima hii nao walivuka, na waliowapokea walikuwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, ambao lugha yao na Lukonzo chetu ni karibu kitu kimoja.

Sasa niseme kuhusu laivu, maana hapo ndipo penye utamu.

Vijana wengi wa hapa hawajawahi kuona bendi kamili ikipiga. Wameona msanii anapanda jukwaani na flashi, DJ anaweka wimbo, msanii anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, saa nyingine anasahau kufungua mdomo na sauti inaendelea kutoka. Mimi siwalaumu wasanii, bendi ni gharama. Unataka gitaa la solo, la kati, la ridhimu, besi, ngoma, waimbaji watatu, na kama una bahati tarumbeta mbili. Hao wote wanakula.

Mzee mmoja ambaye ujanani alifanya kazi Kilembe alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Kilembe wakati wa shaba kulikuwa na watu wa kila kabila na hela ilikuwepo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na reli ikileta watu, muziki unafuata. Akaniambia, "Nyinyi mnasikia rumba kwa simu, mnasikia nusu." Nikadhani anatania. Akaeleza. Wimbo wa rumba una vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha maneno, taratibu, mtu anashika mwenzake, anasikiliza kisa. Kipande cha pili ni sebene, maneno yanapungua, magitaa yanashika njia. Sasa santuri ndogo ya wakati ule ilikuwa haina nafasi. Ilibidi wimbo ukatwe: upande wa kwanza kisa, ugeuze, upande wa pili sebene. Na hata ukigeuza, sebene ya santuri imepimwa, inafika mahali inaisha. Ukumbini haikupimwa. "Gitaa la solo linaangalia miguu ya watu," akasema, "haliangalii saa." Watu wakichoka, mpigaji anaona, anashusha. Wakipata moto, anarudia ile ile mara ishirini, na hakuna anayesema amerudia.

Tangu siku hiyo nasikiliza Malako ya Virunga, ya 1982, kwa namna nyingine. Pale nyimbo zimeachwa ndefu kidogo, na unasikia wanaume waliozoea kupiga mpaka usiku wa manane, siyo watu walioitwa studio wakaambiwa dakika tatu. Besi inatembea kama mtu anayeijua njia ya kwao gizani. Kwangu mimi hiyo ndiyo bendi ya kwanza, Mazembe ya pili, na ya tatu tutagombana.

Kitu kingine walichofanya ni lugha. Walikuja na Lingala, na Lingala kwa mtu wa Nairobi au Dar ni utamu bila maana. Wakaanza kuimba Kiswahili. Mazembe wakauchukua wimbo Shauri Yako wa Nguashi Ntimbo, nao ukaenda kila mahali. Kwa Waganda jambo hili lina uzito wake. Wazee wengi hapa waliogopa Kiswahili, kwao kilikuwa lugha ya askari, lugha ya mtu anayekusimamisha kwa bunduki barabarani. Mama yangu anasema Kiswahili cha kwanza kumfanya atabasamu kilitoka kwenye redio, kilikuwa kinamlalamikia mpenzi.

Lakini nisiwadanganye vijana, na nisiwadanganye nyinyi mnaosoma. Makofi hayakuwa karatasi. Katikati ya miaka ya 80 Kenya ilibana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni. Mtu anajaza ukumbi Ijumaa, Jumatatu yuko kwenye foleni ya uhamiaji na hajui kama Ijumaa ijayo atakuwepo. Super Mazembe ilivunjika 1985. Virunga nayo ilisambaratika kwa muda, Samba akairudisha baadaye, na mwishowe yeye mwenyewe akahamia Marekani. Watu waliocheza nyimbo zao kwenye harusi hawakuandamana. Nadhani hawakujua hata kwamba kuna tatizo. Ukiwa unacheza humwulizi mpiga gitaa kibali chake kinaisha lini.

Dar mambo yalikwenda tofauti kidogo, angalau kwa mmoja. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam kujiunga na Makassy, ambaye alikuwa mjomba wake, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba habari za maskini, za kifo, za ubaguzi. Ukimwi ulipoanza kumaliza watu aliimba Mambo kwa Soksi, wimbo wa kondomu, na redio ya serikali haikutaka kuupiga. Watu waliusikia hivyo hivyo, kwa kanda na ukumbini. Hapo ndipo naipenda laivu zaidi: redio inaweza kukataa, lakini ukumbi ukishajaa hakuna wa kuzima. Remmy alifariki Desemba 2010. Dar kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Mtoto wa Kindu, na kila siku kuna konda anamwita jina kwa sauti ya juu.

Mfanyakazi mmoja wa shirika, mzungu, mtu mzuri, alikuja kikundini amevaa fulana ya Queen. Akatuuliza kama tunaijua bendi hiyo ya roki. Nikamjibu, "Yule mwimbaji ni wa kwetu." Akacheka, akadhani ni utani wa Kiafrika. Nikamweleza kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake ilikimbilia Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi, yeye akiwa na miaka 17. Hakulala kwenye hema, sisemi hivyo. Lakini alikimbia. Na lile onyesho lake ambalo wapenzi wa roki wote wanalitaja, la tarehe 13 Julai 1985 uwanja wa Wembley, dakika kama ishirini hivi, lilikuwa tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Mtu aliyekimbia Afrika Mashariki akiimba ili Afrika Mashariki ipate chakula. Mgeni wetu alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nina nyimbo za Virunga nimpe. Nikampa kwenye flashi. Sijui kama alizicheza, lakini alichukua.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa Lubero, maana yote haya niliyasema kwa sababu yake.

Yeye ni mpiga gitaa. Siyo bingwa, lakini mkono wake una kitu. Alivuka na gitaa lake limefungwa kwenye kitenge, nyuzi tano badala ya sita. Jioni ya pili ya hadithi zangu akaja na mama yake. Walikuwa wamepata siku ya kuondoka kwenda Rwamwanja, na mizigo ni kidogo. Mama akasema mbele yangu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa vijana na alitaka nimsaidie: "Mutoto yangu, mu basi banakubali mizigo kidogo. Utabeba sufuria ao gitaa?"

Kijana akaniangalia. "Yaya, sema."

Niseme ukweli, neno la kwanza lililonijia lilikuwa sufuria. Tumefundishwa hivyo. Semina zote nilizokaa, muziki unaandikwa chini kabisa ya karatasi, kwenye "burudani", baada ya cherehani na ufugaji wa kuku. Na mama yule hakukosea, Rwamwanja huwezi kupika ndani ya gitaa. Lakini nilikuwa nimetoka kusema kwa siku mbili kwamba Didos, Samba, Remmy na wenzao walifanya muziki kuwa kazi, waliulisha watoto wao, wakalipa kodi ya nyumba kwa sebene. Ningemwambiaje aliuze?

Nikamwambia mama, "Mama, mpe nafasi ya kulishika mwenyewe, lisihesabiwe kama mzigo. Sufuria nitawatafutia nyingine." Mama hakunijibu. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu ambaye hajawahi kufunga nyumba yake usiku. Mwishowe akasema, "Kama litamulemea njiani, litabaki njiani."

Wameondoka Alhamisi. Nilifika kuwaaga na sufuria, ndogo kuliko niliyoahidi. Yule wa hapa aliyegombana naye juu ya Kasongo alikuwepo pia, ndiye aliyembebea gitaa mpaka mlangoni mwa basi. Kijana akaketi dirishani, gitaa likiwa wima kati ya magoti, kitenge kimefunguka kidogo juu.

Ule uzi wa sita nimeshaupata, umenunuliwa Kasese mjini, uko kwangu ndani ya bahasha. Wewe unayesoma uko Rwamwanja, ukimwona kijana mwenye gitaa la nyuzi tano lililofungwa kitenge cha kijani, mwambie atume mtu Maliba, au wewe mwenyewe ukipita huku, uje uuchukue.